Kubana matumizi London: uzoefu wangu na majumba ya sanaa yasiyo na kiingilio

London ni ghali, na sitamdanganya mtu kwamba kuna ujanja wa kuifanya iwe rahisi. Malazi ghali, treni ghali, hata kikombe cha kahawa unakifikiria mara mbili. Ajabu yake ni kwamba kile ambacho mpenda sanaa anakifuata kule, yaani michoro na sanamu zenyewe, ndicho jiji lisichokutoza. Nimelizunguka nikiwa na pesa kidogo, na maoni haya ni kuhusu huduma hiyo ya kuingia bure: nyota tano kwa majumba, nyota mbili kwa karibu kila kitu kingine kinachokuzunguka ukitoka nje.

Nianze na National Gallery, pale Trafalgar Square. Begi linakaguliwa mlangoni, unapita sanduku la michango ambalo hulazimishwi kutia kitu, na baada ya dakika chache umesimama mbele ya Titian, Turner au alizeti za Van Gogh. Jumba hili lilianza mwaka 1824, serikali ya Uingereza iliponunua michoro 38 iliyokuwa ya mfanyabiashara John Julius Angerstein kwa pauni 57,000. Hata kiwanja chake kilitetewa kwa hoja kwamba kiko katikati: matajiri wangefika na magari yao ya farasi kutoka magharibi, na maskini wangefika kwa miguu kutoka mashariki. Mimi nilifika kwa miguu, na sikupokewa tofauti na mtu mwingine yeyote.

Ila pesa inayobaki mfukoni ni sehemu tu ya faida. Kilichobadilika zaidi kwangu ni namna ya kutazama. Mtu aliyelipa kiingilio kikubwa anataka aone vyote kabla hajatoka; anapita chumba hadi chumba, miguu inauma, na jioni hakumbuki hata mchoro mmoja vizuri. Pasipo kiingilio unaweza kuingia kwa robo saa, ukatazama kitu kimoja, ukaenda zako. Kesho unarudi.

Nilifanya hivyo na mchoro wa Jan van Eyck wa mwaka 1434, unaojulikana kwa jina la ukoo wa Arnolfini. Ni mdogo, kimo chake hakifiki mita moja. Mwanamume na mwanamke wameshikana mikono chumbani. Mara ya kwanza nilichoona ni gauni la kijani na kijibwa miguuni. Niliporudi nikaona kwamba katika kinara chote kinachoning'inia juu yao unawaka mshumaa mmoja tu, mchana kweupe. Kisha machungwa dirishani. Kisha viatu vya mbao vilivyovuliwa na kuachwa sakafuni. Siku nyingine nikakaa na kile kioo cha duara ukutani nyuma yao: ndani yake unaiona migongo ya wale wawili, na mbele yao watu wengine wawili wanaoingia mlangoni, mahali hasa aliposimama mtazamaji. Juu ya kioo mchoraji ameandika ukutani kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa. Hayo yote yasingenijia kwa ziara moja ya haraka, na kama kila kurudi kungekuwa kwa tiketi nisingerudi.

Jumba lenyewe limewahi kuishi hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili michoro yake ilifichwa katika machimbo ya mawe huko Wales, kuta za London zikabaki tupu. Mwaka 1942, baada ya mtu kuandika barua gazetini akiomba, wakaanza kuleta mchoro mmoja kila mwezi, na watu wakafika kuutazama huo mmoja katika jiji lililokuwa likipigwa mabomu. Kwa hiyo anayekwambia kuona mchoro mmoja ni kupoteza safari, usimsikilize.

Utaratibu huu haupo majumba yote kwa historia ile ile. British Museum, National Gallery na Tate, ambayo pia ni majumba ya sanaa ya taifa, zilishikilia kuwa bure, lakini makumbusho mengine makubwa ya taifa, yakiwemo Victoria and Albert na lile la historia ya asili, yalikuwa yakitoza hadi kiingilio kilipoondolewa Desemba 2001. Yaani kuingia bure ni uamuzi wa kisiasa unaolipiwa na kodi za watu, na nauheshimu sana.

British Museum nilikwenda kwa moyo mzito kidogo. Vyumba vya Afrika viko chini, unashuka ngazi. Pale zimepangwa shaba za Benin (kazi za sanaa za mji ulioko Nigeria ya leo), zilizochukuliwa na jeshi la Uingereza lililouvamia mji ule mwaka 1897, na kuziona bila kulipa hakukuondolei swali la kwa nini ziko pale. Mtu wa Afrika anayeingia chumba kile ataondoka na uchungu, na ni haki yake. Lakini nisingependa mtu akikwepe. Karibu na hapo kuna Mti wa Uzima, uliotengenezwa na wasanii wanne wa Msumbiji kwa bunduki zilizokatwakatwa, silaha ambazo wananchi walizisalimisha baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kupewa zana za kazi badala yake. Pia makumbusho hayo yana chungu cha Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, na ukijua kazi yake utaelewa kwa nini naitaja. Agiza tiketi ya bure mtandaoni kabla ya kwenda, maana foleni ya ukaguzi mchana inaweza kula saa nzima uliyotaka kuitumia ndani.

Ukichoka na umati, nenda Lincoln's Inn Fields, kwenye nyumba ya Sir John Soane. Alikuwa msanifu majengo, akapata sheria ya Bunge mwaka 1833 ili nyumba na kila alichokusanya vibaki kama vilivyo atakapofariki, na akafariki mwaka 1837. Bure pia. Kuna chumba kidogo ambacho kuta zake ni milango: mhudumu anazifungua kama kabati na ndani ya ukuta unatokea ukuta mwingine wa michoro. Humo ndimo mna ule mfululizo wa michoro minane ya Hogarth, mchoraji Mwingereza wa karne ya 18, kijana anayerithi mali, anaitapanya, na kuishia katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Chumba hakichukui watu wengi, kwa hiyo unasubiri zamu.

Kisichofaa katika huduma hii nitakisema wazi. Bure ni mkusanyiko wa kudumu tu. Maonyesho maalumu, yale yanayobandikwa matangazo makubwa kila kituo, yanaweza kuzidi pauni 20 kwa mtu mmoja, na mara nyingi ndiyo yanayozungumzwa mjini. Mimi niliyaacha bila majuto. Kama una umri wa miaka 16 hadi 25, hali yako ni nafuu: Tate ina mpango wa vijana ambao kujiunga ni bure popote unapoishi duniani, na tiketi za maonyesho yake zinakuwa pauni 5. Kero nyingine ni vyumba kufungwa ghafla kwa uhaba wa wasimamizi au matengenezo. Kama umefuata kitu kimoja mahususi, angalia kwenye tovuti ya jumba kama kiko ukutani siku hiyo.

Usafiri: mabasi, kisha mabasi tena. Treni ya chini ya ardhi ni ya haraka, lakini inakupitisha gizani na kukutoza zaidi. Nauli ya basi mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu ugusishe kadi mara ya kwanza unaweza kubadilisha basi bila kulipa tena. Ukipanda mabasi tu siku nzima, makato yana kikomo, mwaka huo kikiwa pauni 5.25. Pesa taslimu hazipokelewi tangu mwaka 2014. Unagusisha kadi ya benki au Oyster, yaani kadi ya nauli ya London, na ni lazima iwe kadi ile ile siku nzima, la sivyo mfumo hautajua kwamba ni wewe. Waulize benki yako mapema makato ya kutumia kadi ugenini, kwa sababu hapo ndipo nafuu yote inapoweza kuyeyuka. Panda namba 15 pale Trafalgar Square, kaa ghorofa ya juu kiti cha mbele, likupeleke kwa Strand na Fleet Street hadi kanisa kuu la St Paul's. Kutoka hapo unavuka Mto Thames kwa miguu juu ya daraja la Millennium na kuingia Tate Modern, kituo cha zamani cha umeme kilichogeuzwa jumba la sanaa mwaka 2000.

Hapo hapo jirani liko jukwaa la Globe, lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997 karibu na mahali tamthilia za Shakespeare zilipochezwa awali. Tiketi za kusimama uani, mbele kabisa ya waigizaji, huanzia pauni 5. Ni kusimama kweli: huruhusiwi kukaa chini mchezo ukiendelea, paa hakuna juu yako, na mwavuli umekatazwa kwa kuwa unawaziba walio nyuma. Vaa koti la mvua. Kwa thamani ya pesa sijaona kitu kingine mjini kinachoikaribia tiketi hii, labda zile za kusimama kwenye matamasha ya muziki wa klasiki yaitwayo Proms katika Royal Albert Hall wakati wa kiangazi, ambazo mwaka 2024 zilikuwa pauni 8. Na kama hiyo pia ni nyingi, ibada ya jioni ya kwaya katika St Paul's au Westminster Abbey haina malipo, ilhali mchana watalii hulipa kuingia majengo hayo hayo. Ila ni ibada. Nenda kwa heshima, kaa hadi mwisho, weka simu mfukoni.

Chakula nilinunua madukani: sandwichi, kinywaji na kitafunio vinauzwa kwa pamoja kwa bei moja, nafuu kuliko mkahawa wowote wa ndani ya makumbusho. Nilikula bustanini. Mvua ikinyesha, ukumbi wa chini wa Royal Festival Hall uko wazi kwa kila mtu, una viti, na hakuna anayekuuliza umenunua nini.

Malazi ndiyo yanayoumiza. Hosteli niliyolala ilikuwa na kelele usiku na bei isiyolingana nayo, na sina siri ya kumpa mtu, isipokuwa kwamba vyuo vikuu hukodisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo ya kiangazi, na kwamba kulala mbali kidogo na katikati hakukugharimu sana ukiwa mtu wa basi.

Panga Ijumaa yako vizuri. National Gallery hufunga saa tatu usiku siku hiyo, Victoria and Albert saa nne, na baada ya saa kumi na mbili jioni makundi ya shule na ya watalii yameshaondoka. Kwa Van Eyck nenda saa hizo.