"Seva ya majaribio ni ya kuchezea tu, kaka"

Ndivyo alivyoniambia kijana wa mauzo wa kampuni tunayokodi seva, nami nikamsikiliza. "Chukua ndogo, kaka." Nikachukua diski ya GB 20. Seva ya kazi, ile inayokata tiketi za mabasi yetu hapa stendi ya Kange, Tanga, ina data karibu GB 90. Zitaenea wapi? Tukamega kipande cha data, tukakiweka humo, maisha yakaendelea.

Idi ilipokaribia tukataka kuongeza faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) kwenye jedwali la tiketi, maana makarani walikuwa wakitafuta jina la abiria mpaka wanachoka. Kwenye majaribio, sekunde 3. Kipande chote kilikuwa kimeenea ndani ya RAM, ile kumbukumbu ya haraka, kwa nini kisikimbie? Tukahamia seva ya kazi. PostgreSQL, programu inayotunza data yetu, ikijenga faharasa kwa njia ya kawaida hufunga jedwali lisiandikwe mpaka imalize. Haimalizi! Dakika 40 na kitu. Abiria wa Dar wamejaa dirishani, mama mmoja kabeba mtoto mgongoni ananiuliza, "Mwanangu, basi lipo, kiti kipo, tiketi imekwama wapi?" Nikakosa la kumjibu. Makarani wakaandika kwa mkono, viti vingine vikauzwa mara mbili.

Ipo njia ya kujenga bila kufunga jedwali, sikuitumia. Hilo nalibeba. Lakini ukishaona sekunde 3 utahangaika na njia ndefu ya nini?

Nikawapigia wenye seva. Akapokea yule yule. "Sasa kaka, ulitaka ya majaribio iwe sawa na ya kazi? Una hela za kuchezea?" Akakata simu. Mteja anayemlipa kila mwezi, akanikatia simu!

Wala sikutaka iwe sawa. Kori 8 za kichakataji za nini pale, tunajaribu watu watatu? Nilitaka kuulizwa swali moja: data yako ni kubwa kiasi gani? Kori zipungue, RAM ipungue, lakini diski iwe ya aina ile ile na ibebe nakala nzima, namba za simu za abiria zikishafutwa.

Haki yao niwape. Seva ya kazi haijawahi kuzimika, na diski kubwa waliiongeza siku ile ile nilipolipia. Nimeanza kuandika haya nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu. Ila nikikumbuka ile simu, na yule mama bado kasimama mbele yangu, hapana. Moja. Mkataba ukiisha nahama.