Chanjo ya homa ya mafua: nimeilipa kwa kanzu mbili

Mimi ni fundi cherehani, Mombasa. Sukari ninayo mwaka wa kumi na moja, presha ikaja baadaye ikahamia moja kwa moja. Basi mwenye afya zake asome akijua hii ni tathmini ya mgonjwa.

Ramadhani ya mwaka jana, kumi la kati, mafua yalinishika. Nikasema tangawizi na ndimu zitamaliza. Siku ya tatu mashine ikasoma sukari 19, mimi ambaye huwa sivuki 9. Siku ya tano napumua kama mvukuto wa mhunzi, nikalazwa na nimonia siku nne. Bili ikaja 46,000. Lakini kilichoniuma zaidi ni kanzu 32 za Idd nilizokwisha kuzichukulia arubuni. Mke wangu alizunguka nyumba kwa nyumba kurudisha pesa za watu na vitambaa vyao. Aliyewahi kushonesha kanzu anajua mwezi ule ndio unaomlisha fundi mpaka Mfungo Tatu.

Daktari wangu wa sukari ndiye aliyenifungua macho. Homa ya mafua, anasema, si chafya za kawaida. Ikimkuta mwenye sukari, moyo, pumu au figo, huuchokoza ule ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani, na nimonia hupata mlango. Nichanjwe kila mwaka.

Zahanati ya mtaani kwetu hawakuwa nayo, nikaenda kliniki ya kulipia. Safari ya kwanza nilipanda matatu mbili nikaambiwa imekwisha, rudi wiki ijayo. Hawakuomba hata radhi. Safari ya pili, mapema Shaabani, nilimkuta muuguzi ambaye kwa huyu peke yake ningetoa nyota tano. Aliniuliza kama nina homa, kama chanjo yoyote imewahi kunidhuru. Akatoa kiboksi kwenye friji, akanipa nisome tarehe mwenyewe. Nikamwambia nimesikia sindano hii ndiyo inayoleta mafua. Akacheka kwa adabu: "Baba, virusi vilivyomo humu vimeshauawa, havikuguzi." Sindano yenyewe ya begani, imekwisha kabla sijamaliza bismillahi. Nikakalishwa kwenye benchi robo saa kuangaliwa, nikaenda zangu. Mkono uliniuma siku moja, mkasi ukawa mzito.

Shaabani niliichagua kwa hesabu: kinga huchukua kama wiki mbili kusimama, nami nilitaka Ramadhani inikute tayari.

Sasa pesa. Chanjo 2,200, na hapo kwenye risiti ikachomoza "ada ya daktari" 800 ambayo kwenye simu haikutajwa. Daktari mwenyewe sikumwona hata kisogo. Jumla 3,000, yaani ufundi wa kanzu mbili. Mwaka jana ile bili peke yake ilikula kanzu thelathini na ushei, mbali zile zilizorudi kwa wenyewe. Shemeji yangu, aliyeniambia natupa pesa, nilimwekea hesabu hiyo kwa chaki juu ya meza ya kukatia, akanyamaza akaomba chai.

Chafya nimezipiga mwaka huu pia, maana chanjo hii haizuii kila aina ya mafua. Ila sukari haikupita 10 na cherehani haikulala. Kanzu zote zilitoka kabla ya mwezi kuandama.

Nawapa nyota tatu na nusu. Nusu na moja nimewakata kwa ile safari ya bure na ile ada ya kificho. Ukienda, piga simu kwanza, uliza ipo, uliza bei yote pamoja na vikorokoro vyake. Na usitegemee ya mwaka jana: virusi hivi hubadilika, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupanga mchanganyiko mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Zamu yangu ijayo nimeiandika ukutani, chini ya vipimo vya kanzu ya imamu.