Ukaguzi na ukarabati wa paa: uzoefu wangu na mafundi walioanzia darini

Kazi ilihusu majengo mawili ndani ya kiwanja kimoja: nyumba ya kuishi yenye mabati ya migongo midogo, na jengo la maduka lenye paa tambarare la zege. Nawapa mafundi nyota nne kati ya tano. Walizipata kwa ukaguzi, na ile ya tano waliipoteza kwenye skrubu.

Walianzia ndani ya dari, si juu ya bati. Hapo ndipo nilipojua kazi wanaijua, kwa sababu maji huingia pengine na kudondokea pengine. Yakipenya kwenye tundu la msumari hushika mbao ya kenchi na kuteremka nayo hadi yakutane na kiungo, ndipo yaanguke. Doa la sebuleni chanzo chake kilikuwa mita mbili na nusu upande wa juu, kwenye maungio ya kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa. Fundi anayekwea moja kwa moja na silikoni mkononi, akapaka usawa wa doa, anaziba pasipovuja.

Baada ya hapo wakajaribu kwa maji. Mpira wa kumwagilia bustani tu, bila kubana mdomo, kuanzia ukingo wa chini wa paa na kupanda taratibu, dakika 10 hadi 15 kila sehemu. Mmoja juu, mwenzake darini na tochi. Ukianzia juu, maji yatalowesha mteremko mzima na hutajua tundu ni lipi. Ukitumia nguvu kubwa ya maji, utayasukuma kinyume cha mteremko yapenye maungio ambayo mvua ya kawaida haiyapenyi, kisha utalipia ukarabati usiohitajika.

Tatizo kubwa la nyumba lilikuwa misumari iliyolegea. Bati la chuma la urefu wa mita 10, joto lake likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 5, na likipoa hurudi. Mchezo huo hufanyika kila mchana na usiku, na msumari usio na hesi (mizunguko kama ya skrubu) hauna cha kuushikilia kwenye papi, yaani mbao zinazobeba bati, hivyo huchomoka kidogokidogo. Kuugongelea tena kwenye tundu lilelile hakusaidii, maana mbao imeshapanuka pale. Mafundi waliing'oa wakaweka skrubu nene na ndefu kuliko misumari ya awali, zenye washa ya EPDM (mpira wa kutengenezwa unaostahimili jua na mvua), kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde maji yanakopita. Hadi hapo sina neno.

Ila walitumia mashine bila kupunguza nguvu yake. Mpira wa washa unatakiwa ubonyee mpaka uchungulie kidogo tu kwenye ukingo wa chuma. Ukikazwa zaidi hupasuka au hukimbilia upande mmoja, na mgongo wa bati hubonyea ukawa kibakuli cha maji kuzunguka skrubu. Ukilegea, upepo unaucheza. Nilipita nao mstari kwa mstari na zaidi ya skrubu 40 zikabadilishwa washa. Kosa la pili: walikata bati kwa grinda. Moto wake huunguza zinki kwenye ukingo, na chembe za chuma zinazoruka hujigandisha kwenye rangi zikaanza kutoa kutu mara tu zikipata unyevu. Bati hukatwa kwa mkasi wa bati, na chembe za kutobolea hufagiwa siku hiyohiyo kwa ufagio laini.

Kwenye swali la kubadilisha paa zima au sehemu, walikuwa waaminifu. Walibadilisha safu moja ya chini upande mmoja tu. Kutu ilikuwa imeshika kwenye maungio, na sababu ilionekana walipofunua: bati la juu lililalia la chini kwa milimita 90 peke yake. Kwa mteremko wa wastani laza milimita 150, na ukiwa mdogo zaidi anzia 200, la sivyo maji hunyonywa kati ya mabati mawili na kukaa humo yakila zinki gizani. Papi nazo zilijaribiwa kwa kuchoma bisibisi: ikizama bila kutumia nguvu, mbao imeoza, na bati jipya juu yake ni hasara. Waligundua pia bomba la shaba la hita ya jua likidondoshea maji juu ya bati. Maji yaliyopita kwenye shaba hula zinki haraka, kwa hiyo maji yale yakaelekezwa kwenye bomba la plastiki hadi chini. Jambo dogo, lakini wangapi wangeliona?

Jengo la maduka lilihitaji subira zaidi. Maji yalituama katikati siku mbili baada ya mvua, maana yake mteremko haukutosha. Waliujenga upya kwa saruji na mchanga, angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 80 kuelekea tundu la kutolea maji. Kabla ya kulaza mikeka ya lami walibandika nailoni juu ya zege usiku mzima. Asubuhi ikiwa na matone upande wa chini, zege bado ina unyevu na kazi husubiri. Unyevu ukifungiwa humo, jua huugeuza mvuke na lami hufura malengelenge. Ikafuata praima (rangi ya kwanza ya kushikisha lami), kisha mikeka ya milimita 4 iliyoyeyushwa kwa moto wa gesi, kuanzia sehemu ya chini kabisa ili kila muungano ufuate mkondo wa maji. Pembeni ililaliana milimita 100, mwishoni 150. Muungano mzuri hutoa mstari mwembamba wa lami iliyoyeyuka ukingoni, usipouona, hapajashika. Kwenye ukuta wa ukingo mkeka ulipanda milimita 150 na ncha yake ikazikwa kwenye mfereji uliochimbwa ukutani.

Walitaka kuondoka wakisema mvua ndiyo itakayojaribu. Nilikataa. Tuliziba tundu, tukajaza maji kina cha milimita 50 kwa saa 24, baada ya kuthibitisha slabu inabeba, kwa kuwa kina hicho ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Palivuja mahali pamoja: shingo ya bomba la kutolea maji, ambako mkeka haukuteremshwa ndani ya bomba. Ni sehemu inayovuja mara nyingi kwenye mapaa ya aina hii, nao waliitengeneza bila kinyongo.

Gata walizisafisha tu, kawaida.

Dhamana ilikuja kwa karatasi mbili, moja ya vifaa na nyingine ya ufundi. Isome ile ya ufundi: yangu inafutika mtu mwingine akitoboa paa, kwa hiyo atakayekuja kufunga dishi au paneli za sola aje wakiwapo mafundi walewale, na akanyage juu ya mistari ya skrubu, palipo na papi chini yake.