Fundi wa kutu ni mzuri, macho ya rangi hana

Hiace yangu imekula chumvi ya Kigamboni mpaka kutu ikachomoza chini ya mlango wa pembeni na kwenye madigadi. Fundi wa mtaani kwetu kakaa nayo siku tatu. Kazi ya chini sina neno: brashi ya waya, msasa namba 80 mpaka bati linang'aa, kisha 240 ulio laini zaidi, akafuta kwa thina na kupiga praima, rangi ya kwanza ya kukinga bati, papo hapo, maana bati tupu kwenye upepo wa bahari halichelewi kushika kutu tena. Puti ya kusawazisha mabonde kaipaka nyembamba; ukigonga kwa kidole unasikia bati. Rangi ndiyo imeniudhi. Kaikoroga kwa macho tu: gari ni nyeupe ya maziwa, yeye kaleta nyeupe ya jokofu! Nitamrudia, ila sampuli nitashika mwenyewe.