Niliagiza cherehani ya zigizaga, nikaletewa nyingine, kisha nikatakiwa nishukuru

Sikukusudia kuandika maneno makali juu ya duka hili la mtandaoni la Nairobi, kwa kuwa niliwahi kununua kwao mikasi na pasi ya nguo bila usumbufu wowote; lakini baada ya mazungumzo yangu na msimamizi wao wa wateja hivi majuzi, moyo umekataa kunyamaza.

Niliagiza cherehani ya umeme yenye mshono wa zigizaga, nikalipa shilingi 21,500 kwa M-Pesa kabla haijapakiwa kwenye basi la kuja Mombasa. Sanduku lilipofika lilikuwa na picha ileile niliyoiona kwenye tovuti yao, ila ndani mlikuwa na cherehani ya mshono ulionyooka. Fundi wa nguo kama mimi hahitaji hata kuiwasha ndipo atambue: bamba la chini ya sindano lilikuwa na kitundu kimoja cha duara, ilhali la zigizaga huwa na mwanya mpana wa mlalo, unaoiachia sindano nafasi ya kwenda kushoto na kulia. Nikalipiga picha bamba hilo, nikawatumia.

"Mpendwa mteja, tunathamini maoni yako," wakajibu, kana kwamba nilikuwa nimetoa maoni.

Kuirudisha Nairobi kungenigharimu nauli ya mzigo na kuniacha mikono mitupu msimu huu wa sare za shule, kwa hiyo nikapendekeza jambo ambalo hadi sasa naliona la haki: nibaki nayo, nao wanirudishie tofauti ya bei. Cherehani hiyohiyo niliyoletewa wanaiuza wenyewe kwa shilingi 15,000, basi tofauti ni 6,500, na hesabu hiyo haihitaji kikao. Wakaanza kwa kunipa vocha ya 1,000 ya kununulia vitu vingine kwao. Nilipoikataa, ndipo msimamizi akanipigia simu, na pasipo salamu akaniuliza, "Mama, kwani hiyo haishoni?"

Inashona, mwanangu. Lakini haishoni matundu ya vifungo, wala haizuii kingo za kitambaa kufumuka, nami sina ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo. Ndiyo sababu nililipia zigizaga. Nilipokuwa nikimweleza hayo kwa utaratibu alinikatiza, akasema kwamba wateja wengine hushukuru kupata mashine inayofanya kazi. Hapo nikapandwa na hamaki. Aliyelipa hana deni la shukrani hata akipewa alichokilipia, seuze asichokilipia! Nikamtajia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inayotaka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, pamoja na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kufidiwa anapopata hasara kwa kasoro zake. Sauti ikashuka. Vocha ikageuka pesa taslimu, 3,000, kisha kwa shingo upande 5,000, hadi tukakutana kwenye 5,500, ambazo nilizikubali kwa kuwa wazazi walikuwa wakiulizia sare zao, wala si kwa kuridhika.

Kwa insafu niseme kwamba pesa zilitumwa jioni ileile, na binti aliyezituma aliniomba radhi kwa maneno yake mwenyewe, si yale ya kunakili. Cherehani nayo, katika kazi yake hiyo moja, ni nzuri: mshono umekaza sawasawa, hata kwenye jinzi iliyokunjwa mara mbili. Kwa hayo nilikuwa tayari kuandika kuwa duka ni la kuaminika ila lina msimamizi asiyejua kusema na watu.

Kisha nikausoma ujumbe wa M-Pesa kwa makini. Kiasi kilichoingia hakikufika 5,500, kwa sababu ada ya kutuma wameikata humohumo. Waliokosea ni wao, wa kulipia marekebisho ni mimi! Basi naifuta ile kauli ya kuaminika, na hata pasi ikiharibika nitanunua kwingine. Binti yule namtoa lawamani. Msimamizi nimemtumia picha ya ujumbe huo nikimdai ada hiyo, naye ameisoma na hajajibu.