Fundi wa Nzuguni anayetafuta chanzo cha pancha kabla ya kuziba

Katika muda wa wiki tano, gurudumu la nyuma la baiskeli yangu lilipata pancha mara sita. Ninaishi Nzuguni na ninafundisha mjini Dodoma, hivyo asubuhi na jioni hupita pembezoni mwa barabara kuu iendayo Morogoro. Mara tano za kwanza nilipeleka baiskeli kwa mafundi mbalimbali wa kando ya njia, na wote walifanya kazi ile ile: tyubu ilitolewa, ikajazwa upepo, ikazamishwa kwenye beseni la maji, tundu likapigwa msasa, likapakwa gundi na kubandikwa kiraka, kisha tairi likarudishwa. Mara ya tatu nilishauriwa kununua tyubu mpya, nikanunua, nayo ilidumu siku nne. Sivilaumu viraka vyao, kwa kuwa hakuna hata kimoja kilichoachia. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyejiuliza kwa nini gurudumu moja litoboke mara zote hizo ilhali la mbele, linalopita njia ile ile, halikuguswa.

Pancha ya sita ndiyo iliyonifikisha kwa fundi mmoja mwenye banda la mabati hapo hapo Nzuguni, na huduma yake ndiyo ninayoieleza hapa.

Kabla ya kufungua chochote alichukua chaki, akachora mstari kwenye tairi pale lilipoelekeana na valvu, na mshale mdogo kuonyesha upande wa mnyororo. Nilipomwuliza sababu, alijibu, “Mwalimu, tyubu ikishatoka bila alama, tundu litaonekana, lakini mahali lilipotobolewa kwenye tairi patakuwa pamepotea.” Maelezo hayo ndiyo msingi wa ufundi wake wote. Umbali kutoka kwenye valvu hadi kwenye tundu hupimwa juu ya tyubu, kisha umbali huo huo hupimwa juu ya tairi kuanzia kwenye mstari wa chaki, na kwa njia hiyo eneo la kukagua linapungua kutoka mzunguko mzima wa tairi hadi sehemu isiyozidi upana wa kiganja.

Aliniuliza pia kama ile tyubu ya zamani bado ninayo. Kwa bahati sikuwa nimeitupa, nikaifuata nyumbani. Alizilaza tyubu zote mbili mezani, valvu kwa valvu, na hapo nikaona jambo ambalo wiki tano za pancha hazikuwa zimenionyesha. Matundu matatu ya tyubu ya zamani na tundu la kwanza la tyubu mpya yalikuwa upande wa nje, ule unaogusa tairi, na yote yalikuwa umbali wa takriban shubiri mbili kutoka kwenye valvu. Mafundi waliotangulia walikuwa wakifungua upande mmoja tu wa tairi, hivyo tairi lenyewe halikuwahi kuhama mahali pake. Matundu mawili ya mwisho yalikuwa upande wa ndani, unaoelekea ringi. Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa mawili tofauti, na la pili lilianza kabla la kwanza halijapona.

Kuhusu lile la kwanza, alipitisha kipande cha khanga kuukuu ndani ya tairi ili kinase chochote kilichochomoza, na hakikunasa kitu. Hapa ndipo wengi wangeishia. Yeye aliligeuza tairi ndani nje katika eneo alilolipima, akalikunja kwa vidole gumba kama linavyokunjwa na uzito wa mwendeshaji, ndipo ncha ya waya ikajitokeza. Ulikuwa waya mwembamba wa chuma, mfupi kuliko punje ya mchele, ambao hurudi ndani ya mpira kila tairi linapopumzika. Waya wa namna hiyo hutoka kwenye matairi ya malori, ambayo yamesukwa nyuzi za chuma ndani; yakipasuka au kuchakaa, vipande hubaki pembezoni mwa lami, ndiko sisi wa baiskeli tunakosukumwa na malori hayo hayo yaelekeayo Singida na hadi Rwanda na Burundi. Muda wote huo mimi nilikuwa nikiilaumu mbigili, kama tulivyozoea Dodoma, ingawa mbigili huacha mwiba wake ukionekana, tena haichagui kuchoma mahali pamoja mara nne.

Kuhusu ugonjwa wa pili, alinikumbusha kwamba spoku moja ilikuwa mpya, na kweli nilikuwa nimebadilishiwa baada ya pancha ya nne. Spoku hiyo ilikuwa ndefu kupita kiasi, ncha yake ikawa imechomoza ndani ya ringi, na mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku ulikuwa umezeeka na kuhamia upande mmoja. Aliisaga ncha kwa tupa hadi ikalingana na kichwa chake, akaipapasa kwa kidole, kisha akakata mkanda mpya kutoka kwenye tyubu yangu ya zamani.

Alikagua na mengine kwa haraka. Hakukuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, ambayo hutokea tyubu yenye upepo mdogo inapobanwa kati ya tairi na ringi kwenye shimo, wala shina la valvu halikuwa limechanika.

Kazi hiyo ilichukua saa moja na dakika arobaini, na mteja husubiri kwenye benchi lisilo na kivuli. Nililipa shilingi 6,000, wakati kiraka kimoja kwingine nilikilipia 1,000. Kwangu mimi bei hiyo ni ya haki, kwa kuwa pancha zilizotangulia, pamoja na tyubu, zilikuwa zimenigharimu zaidi ya hapo. Hata hivyo ninaona ni kosa kwamba nilitajiwa bei baada ya kazi kwisha. Anayekwenda kuzibiwa pancha ya kawaida hatarajii kulipia uchunguzi, na mtu mwenye kipato kidogo anaweza kufedheheka mbele ya watu. Nilimweleza hivyo kwa heshima. Alikubali, lakini nilipopita wiki iliyofuata bado hakukuwa na kibao cha bei. Jambo jingine la kujua ni kwamba hauzi tyubu za baiskeli za mashindano zenye valvu nyembamba, hivyo mwenye baiskeli ya aina hiyo aende na tyubu yake.

Miezi miwili imepita tangu siku hiyo, na gurudumu la nyuma limepata pancha moja. Ilikuwa mbigili, ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye tairi. Hata hivyo nilichora mstari wa chaki kwanza, nikapima kutoka kwenye valvu, na nilipohakikisha kwamba tundu na mwiba vinaelekeana ndipo nilipobandika kiraka.