Sailensa za Beetle: ipi ya kununua, na jinsi ya kuifunga nyumbani bila kuvunja stadi

Kwa Volkswagen Beetle yenye injini ya sisi 1300 hadi 1600 inayokaa bara, sailensa ya chuma cha kawaida yenye umbo la asili, ile ya mabomba mawili membamba yanayochungulia nyuma, ndiyo inayostahili pesa. Kwa gari linaloishi Mombasa, Tanga au Unguja, ongeza pesa uchukue ya chuma kisichoshika kutu. Ya kuchomelewa mtaani tunaikubali kwa sharti moja tu, na sharti lenyewe si dogo.

Sababu ya msimamo huu iko kwenye maungio, si kwenye mng'ao wa bomba. Sailensa ya Beetle hulala kwa upana nyuma ya injini na hushikwa sehemu 6. Flanji mbili (bapa za mwisho wa bomba zenye matundu) hufungwa moja kwa moja kwenye hedi, yaani vichwa vya silinda, silinda ya 2 upande wa kulia na ya 4 upande wa kushoto, kila moja kwa stadi mbili za M8 (bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye hedi, unene milimita 8). Midomo miwili hupokea moshi wa silinda ya 1 na ya 3 kupitia boksi za heta (zile zinazotumia joto la moshi kupasha hewa ya ndani ya gari), na hukazwa kwa klampu. Flanji mbili ndogo za juu hushika bomba jembamba linalopeleka moshi wa moto chini ya kabureta ili kupasha manifoldi, yaani bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye hedi. Sehemu zote 6 lazima zikae zenyewe bila kulazimishwa. Sailensa iliyopinda milimita 4 kwenye flanji moja itakupa kazi ya siku nzima, na hata ukifanikiwa kuifunga itavuja.

Tuanze na ya chuma cha kawaida. Bei yake ni ndogo, sauti yake ni ile ile ya Beetle yenye mluzi, na kwa kuwa Beetle iliendelea kutengenezwa Mexico hadi Julai 2003, vipuri vyake havijaadimika. Adui wake ni maji. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Safari ndefu hukausha mvuke huo. Safari fupi ya mjini, kama Kinondoni hadi Posta jijini Dar es Salaam na kurudi, huuacha ndani ukiwa umechanganyika na asidi, na sailensa huoza kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana rangi ya juu pekee haiiokoi, ingawa bado inasaidia. Ile nyeusi inayokuja nayo dukani ni ya kuzuia kutu njiani tu, itaungua siku ya kwanza na kujaza gereji harufu. Ikwangue, pangusa kwa thina, kisha piga rangi ya joto kali inayostahimili nyuzi 600 za Selsiasi kabla ya kuifunga.

Ya chuma kisichoshika kutu hudumu, lakini jina hilo hubeba vyuma vya aina tofauti. Nenda dukani na sumaku. Chuma cha daraja la 304 hakishiki sumaku, au hushika kwa mbali sana. Cha 409 hushika vizuri, nacho baada ya muda hupata ukungu wa kahawia juu. Cha 409 si kibaya kwa Nairobi au Dodoma, ila usikilipie bei ya 304. Pitisha sumaku kwenye flanji pia, maana wapo wanaotengeneza tumbo la 304 na flanji za chuma cha kawaida, na flanji ndizo zinazoanza kuliwa. Sauti yake ni kali kidogo kuliko ya asili.

Halafu kuna ya mtaani. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Grogan, Nairobi, wanajua kuchomelea, hilo halina ubishi. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimo. Fundi akikata mabomba kwa kuangalia sailensa yako ya zamani iliyokwisha kupinda, atanakili upindaji wake. Sharti letu ni hili: karakana iwe na injini mbovu ya Beetle au hedi mbili zilizofungwa mahali pake, flanji zote zifungwe humo kwa nati, mabomba yashikizwe nukta nukta yakiwa hapo hapo, ndipo yatolewe na kumaliziwa. Kuchomelea sailensa ikiwa kwenye gari lako, karibu na kabureta na mpira wa petroli, usikubali.

Kosa la pili la sailensa nyingi za mtaani, na la baadhi ya zile za bei nafuu kutoka nje, ni kuziba au kuacha kabisa matundu ya bomba la kupasha manifoldi. Ukiwa Dar es Salaam huenda usione tofauti. Ukiwa Limuru, Njombe au Mbeya asubuhi yenye ukungu, utaiona: petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hupooza chuma, unyevu wa hewa huganda kuwa barafu, injini hutetemeka kwenye sailensi (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) na kuzima. Ikisimama dakika chache barafu huyeyuka na gari huwaka tena. Wengi hufungua kabureta mara tatu na kununua jeti mpya, kumbe tatizo liko kwenye sailensa. Kabla ya kulipa, tumbukiza kidole kwenye matundu hayo mawili madogo. Yawe wazi.

Ukiwa bado dukani, chukua gasketi ya zamani au karatasi ngumu uliyokata kwa umbo lake, ulaze juu ya kila flanji. Matundu yalingane. Weka rula ya chuma kwenye uso wa flanji. Mwanga ukipita katikati, uso umepinda kwa joto la kuchomelea. Upindaji mdogo huondoka kwa tupa, mkubwa rudisha. Kagua pia kifurushi cha gasketi, kwa sababu vingi huuzwa pungufu. Unahitaji gasketi 2 za flanji za hedi, 2 za bomba la kupasha, klampu 2 na ringi zake za kuungia boksi za heta, na klampu 2 na ringi zake za mabomba ya nyuma. Nati mpya za M8 ni 4, au 8 ukiondoa na boksi za heta. Tafuta nati za shaba zenye kichwa cha spana namba 12. Nati ya kawaida ya namba 13 inaingia, lakini mapezi ya kupoozea ya hedi yapo karibu mno, hivyo spana haipati nafasi ya kuzunguka.

Kutoa ya zamani ndiko kwenye hatari. Jioni ya kabla, injini ikiwa baridi, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote, rudia asubuhi. Inua nyuma kwa jeki, simamisha gari juu ya stendi zilizowekwa chini ya boriti ya torsheni (bomba nene linalokingama mbele ya magurudumu ya nyuma), kamwe si chini ya injini. Vaa miwani, kutu itakudondokea machoni. Toa mipira ya hewa ya heta, fungua skrubu za bati la nyuma na kile kibati kinachofunika bomba la kupasha, kisha bolti za bomba lenyewe. Gasketi za zamani zinaweza kuwa na asbesto: zilowanishe kwa maji, zikwangue zikiwa mbichi, wala usipulize vumbi lake kwa kompresa.

Nati za hedi zilegeze kwa robo mzunguko, rudisha kidogo, legeza tena. Ikigoma, pasha nati kwa tochi ya gesi (petroli na matambara yakiwa mbali), acha ipoe kidogo, ongeza mafuta, jaribu. Ukiona stadi inazunguka pamoja na nati na kutoka nzima kwenye hedi, hiyo ni bahati, weka mpya. Ikivunjika, usikimbilie drili ya mkono kwa pupa. Hedi ni ya aluminiamu, stadi ni chuma kigumu. Ncha ya drili huteleza na kula aluminiamu pembeni. Piga alama ya katikati kwa sentapanchi, anza na ncha ya milimita 3, panda taratibu. Nyuzi zikiharibika, zipo stadi za ngazi zenye M10 upande wa hedi na M8 upande wa nati. Kama huna mkono wa kazi hii, ni heri kumlipa fundi mashine kwa stadi moja kuliko kununua hedi.

Sailensa ikishatoka, angalia lile bomba la kupasha. Mara nyingi limejaa masizi hadi limeziba, na sailensa mpya haitalizibua. Waya wa zamani wa spidomita, ncha ikiwa imechanuliwa na kufungwa kwenye drili, hukwangua vizuri. Puliza hadi hewa ipite upande wa pili. Watu wengi huiruka kazi hii, kisha huja kulalamika kwamba sailensa ghali haikubadilisha kitu.

Kufunga: paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za stadi, hasa kwa sailensa ya chuma kisichoshika kutu ambacho nati zake hung'ang'ania. Vaa gasketi kwenye stadi, ingiza klampu na ringi kwenye midomo ya boksi za heta, sukuma sailensa kutoka nyuma. Kila kitu kwanza kwa mkono. Kama flanji moja haifiki, usiivute kwa nati, maana stadi itabaki imebebeshwa mzigo na itakatika injini ikipata moto. Panua tundu la flanji kwa tupa, milimita 1 au 2 zinatosha. Kwenye injini za kuanzia modeli ya 1971, zenye matundu mawili ya kuingizia hewa kila hedi, manifoldi ya katikati imeshikwa kwa mipira, hivyo inasogea kidogo kuifuata sailensa. Kwenye za zamani ni kipande kimoja kigumu. Huenda ukalazimika kulegeza nati zake kwenye hedi, na ukifanya hivyo badilisha ringi zake.

Kaza nati za hedi kwanza, kwa zamu kulia na kushoto, hadi Nm 20 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Fuata bolti za bomba la kupasha, mwisho klampu. Mabomba ya nyuma yaache nafasi ya kidole kimoja yasiguse bodi, la sivyo yatagonga kila shimo. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1962, barabara mbovu si geni kwake, lakini bomba linalogusa bati litakuudhi.

Mabati ya injini yarudi yote, na skrubu zake zote. Tunalisisitiza hili kuliko rangi wala chapa. Feni huvuta hewa kutoka chumba cha injini, na bati la nyuma ndilo linalozuia joto la sailensa lisipande humo. Ukiliacha, injini inapoozwa kwa hewa ambayo imekwisha kuchemka, na silinda ya 3, ambayo kwenye injini nyingi hupata hewa kidogo kwa sababu ya kipoza mafuta, ndiyo itakayoungua valvu. Vivyo hivyo kwa walioondoa boksi za heta na kuweka mabomba matupu, jambo la busara kabisa pwani: yale matundu mawili ya heta kwenye boksi la feni yazibwe, kwa sababu hewa ya kupoozea inakimbilia nje.

Washa injini ikiwa baridi. Msaidizi azibe mabomba ya nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe paka maji ya sabuni kwenye maungio na utazame mapovu. Mlio wa puf-puf unapoachia mafuta kwenye mteremko ni dalili kwamba hewa safi inaingia kwenye moshi. Baada ya dakika 5 bomba la kupasha liwe la moto pande zote mbili. Lijaribu kwa tone la maji, si kwa kidole. Kwa wanaotumia heta, muungano wa silinda ya 1 na ya 3 ukivuja, moshi wenye monoksidi ya kaboni, usio na harufu yake yenyewe, unaweza kuingia ndani ya gari, kwa hiyo funga heta hadi utakapothibitisha. Endesha kama kilomita 150, acha injini ipoe usiku kucha, kisha kaza upya nati zote 4 na klampu; gasketi mpya hubonyea, na safari hii ya pili utazikuta zote zimelegea kidogo.